Kumjua Mwalimu Kabla ya Kumkabidhi Watoto

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kosele



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema baada ya taarifa ya fedha. Najua jua limekwisha geuka na baadhi yetu wana safari, kwa hiyo sitawachosha. Halmashauri iliniagiza niandike maneno machache juu ya masharti yampasayo mtu kabla ya kukubaliwa kuwa mwalimu, na hasa juu ya uchunguzi wa mwenendo wake wa zamani. Nimeombwa niseme kwa Kiswahili ili ndugu zetu wa Kisii, tunaouziana nao sokoni, wasiachwe nje. Wazee watakaopenda kuuliza kwa Kijaluo na waulize. Nitajibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Huenda mtu akasema: jambo hili ni la Serikali, chama cha ustawi kina nini nalo? Jibu limo katika taarifa ya fedha mliyokwisha kusomewa. Mmesikia kwamba sehemu ya michango yetu imekwenda kuwalipa walimu wa bodi, yaani wale ambao Serikali haikuwaajiri, bali wazazi huwalipa wenyewe ili darasa lisikae bila mwalimu. Anayelipa mshahara ni mwajiri, apende asipende. Na mwajiri hana budi kumjua mtu anayemfungulia mlango.

MWALIMU WA ZAMANI

Waadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Waanglikana walipoanza shule ya Maseno mwaka huohuo, mwalimu alikuwa mtu wa kuhesabika. Baadaye shule ndogo za misheni zilipoenea katika vijiji, mwalimu wa kila shule alijulikana kwa watu wote. Hakuna aliyemwomba alama za vidole. Mchungaji au padri alimjua, wazee walimjua baba yake na babu yake, na kina mama walijua jinsi alivyokaa na mkewe. Akikosa, habari zilifika mbele yake. Hilo ndilo lililokuwa cheti chake.

Tusiseme lakini kwamba siku zile hapakuwa na maovu. Yalikuwepo. Mara nyingi msichana ndiye aliyeondoka shuleni, na mwalimu akabaki. Hata hivyo, jicho la kijiji lilikuwa wazi, na mtu mwovu hakuweza kusafiri mbali na sifa zake.

Kisha mambo yakabadilika, tena kwa heri. Walimu walikuwa chini ya waajiri wengi, misheni hii na ile, na halmashauri za wilaya, na mishahara haikuwa sawa. Chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 1967 sheria ikapitishwa, ikaunda Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambayo wengi wetu twaiita TSC. Tangu hapo mwalimu wa Kosele aweza kupelekwa Kitui, na mwalimu wa Kitui akaletwa Kosele. Ni jambo jema kwa nchi moja. Lakini mtu akisafiri mbali hivyo, jicho la kijiji chake haliwezi kumfuata. Karatasi ilibidi ishike mahali pa jicho.

Mwaka 2003 ada iliondolewa katika shule za msingi za Serikali, na watoto wakajaa madarasani kuliko walimu waliokuwepo. Bodi za shule zikaanza kutafuta walimu popote. Hapo ndipo mlango wa pili ulipofunguliwa. Mlango wa kwanza unalindwa na Tume. Mlango wa pili unalindwa na sisi wenyewe, na naogopa kwamba mara nyingi hatukuwa macho.

MASHARTI YA LEO

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 237, yaipa Tume kazi ya kuwasajili walimu waliofunzwa, kuwaajiri, kuwapeleka mashuleni, kuwapandisha vyeo na kuwatia adabu. Sheria ya Tume ya mwaka 2012 yakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Neno hili ni la shule za Serikali na za watu binafsi pia, na mwalimu wa bodi hakuachwa nje. Wazee waliozoea kusema, “Huyu ni wa bodi tu, hahitaji namba,” wajue kwamba sheria haiwaungi mkono.

Anayeomba kusajiliwa huleta vyeti vyake vya masomo na vya ualimu, kitambulisho cha taifa, fomu iliyojazwa na daktari kuonyesha afya yake, na cheti cha tabia njema kitolewacho na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Cheti hiki huombwa kwa njia ya eCitizen. Mwombaji hulipa zaidi ya shilingi 1,000, kisha huenda na fomu iitwayo C24, akapigwa alama za vidole vyote kwa wino. Alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Ada ya kusajiliwa na Tume nayo ni zaidi ya shilingi 1,000. Kwa mwenye mshahara hizi si fedha nyingi, lakini kwa kijana aliyemaliza chuo jana, ambaye baba yake aliuza ng'ombe apate karo, ni mzigo. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Tena, kusajiliwa si kwa milele. Mwalimu akipatikana na hatia ya kumharibu mwanafunzi, Tume huweza kulifuta jina lake katika daftari la walimu, na majina ya waliofutwa hutangazwa, ili mtu aliyefutwa Mombasa asije akaandikwa kazi Migori. Mwaka 2010 Tume ilitoa waraka, nambari 3 wa mwaka ule, juu ya kuwalinda wanafunzi. Waraka huo wamtaka mwalimu aliyepata habari kwamba mwanafunzi ameharibiwa atoe taarifa katika muda wa saa 24. Anayeficha naye ana makosa. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema kwamba mwalimu atumiaye cheo chake kumshawishi mwanafunzi afungwe miaka isiyopungua 10.

Kwa hiyo sheria zipo. Hatuwezi kusema tumeachwa bila ulinzi.

CHETI CHASEMA NINI

Lakini yafaa tuelewe cheti cha tabia njema chasema nini, kwa maana jina lake laweza kutudanganya. Cheti hicho hakishuhudii kwamba mtu huyu ni mwema. Kinasema tu kwamba alama za vidole vyake hazikuonekana katika kumbukumbu za makosa. Polisi huandika yaliyofikishwa kwao. Hawana kumbukumbu za maneno yaliyomalizwa chini ya mti, nyuma ya nyumba ya mzee, saa ya jioni.

Sasa nawaomba wazee wangu wanivumilie, maana nitasema jambo langu mwenyewe. Sikulisema katika halmashauri. Nimeona si haki niwasomee sheria, nami nafichua ya wengine na kuficha yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa karani wenu, nilikuwa karani katika ofisi ya shule moja, ambayo sitaitaja. Palikuwa na mwalimu wa bodi, kijana hodari wa hesabu, mchangamfu na mpenda michezo. Wazazi walimpenda, nami nilimpenda. Siku moja mama mmoja alikuja ofisini na binti yake wa darasa la saba. Msichana hakusema neno. Alitazama sakafu muda wote. Mama ndiye aliyesema.

Wazee wa pande mbili waliitwa, wakakaa siku mbili. Wakapatana kwamba jamaa za mwalimu watoe mtamba mmoja na fedha kidogo, mwalimu aondoke, na jina la msichana lisitajwe asije akakosa mume. Kila mmoja aliona kwamba ametenda wema. Mama alipata pole, shule ilihifadhi sifa yake, wazee walizima ugomvi kati ya koo mbili. Nami niliambiwa niandike barua ya kumwaga mwalimu.

Niliiandika vizuri. Nilisoma shule ya misheni, na walimu wangu walinifundisha kuandika barua. Nilisema kwamba alifanya kazi kwa bidii, kwamba matokeo ya hesabu yalipanda, na kwamba anaondoka kwa hiari yake kutafuta maendeleo. Maneno yote juu ya hesabu yalikuwa ya kweli. Nikaipeleka ikatiwa sahihi, nikaipiga muhuri kwa mkono wangu.

Mwaka haukuisha. Mzee mmoja kutoka upande wa Migori alifika sokoni akaniulizia duka kwa duka mpaka akanipata. Alikuwa na nakala ya barua ile, imekunjwa mara nne. Hakupiga kelele. Aliifungua, akauliza, “Wewe ndiwe uliyeandika hii?” Nikasema ndimi. Akauliza, “Ulipoiandika, ulijua?” Nikanyamaza. Akauliza mara ya pili. Nikasema, “Nilijua, mzee.” Akaikunja barua, akairudisha mfukoni, akaenda zake kwenye magari. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 13.

Shauri la mtoto huyo lilifikishwa kwa polisi na kwa ofisa wa watoto, nami nilikwenda nikaandikisha maelezo yangu. Nilipoulizwa habari za jambo la kwanza, sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kikao cha siku mbili hakikuandikwa. Polisi hawakuarifiwa, wala Tume. Jamaa za msichana wa kwanza walikataa kusema, kwa kuwa walikwisha pokea mtamba. Karatasi iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ile niliyoiandika mimi, nayo ilimsifu.

Naomba mlishike neno hili kuliko mengine yote niliyosema. Mwalimu yule, huko alikokwenda, aliombwa cheti cha tabia njema akakitoa. Kilikuwa halali. Hakukighushi, wala hakumhonga mtu. Polisi hawakukosea. Cheti kilisema hapana kosa lililoandikwa, na kweli halikuandikwa. Sisi ndio tuliohakikisha kwamba halikuandikwa.

Yule msichana wa kwanza hakurudi shuleni. Mtamba alizaa mara mbili. Mwenyewe hakufanya mtihani wa darasa la nane.

SI KWETU PEKE YETU

Wasidhani wageni wetu kwamba aibu hii ni ya Kosele. Mwaka 2010 Serikali yenyewe ilisema kwamba walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefukuzwa katika muda wa miaka miwili kwa sababu ya kuwaharibu wanafunzi. Na katika Kaunti ya Nakuru wasichana wawili wa shule ya msingi waliharibiwa na mwalimu wao. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu. Mwezi wa Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba si mwalimu peke yake wa kulaumiwa, bali Tume iliyomwajiri na Serikali pia. Aliagiza wasichana wale walipwe fidia, mmoja shilingi milioni 2 na mwenzake shilingi milioni 3. Alisema wazi kwamba haitoshi kumhamisha mwalimu wa namna hiyo kutoka shule hii hadi ile, kisha mwishoni kumfukuza. Mwajiri hana budi kuweka njia za kuzuia mtu kama huyo asipate nafasi hiyo kabisa. Tume ilikata rufani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani haikuiunga mkono.

Yafaa wazee wapime uzito wa hukumu hiyo. Ikiwa Tume yenye wanasheria na ofisi nchi nzima iliambiwa kwamba kumhamisha mkosaji si kujitoa katika lawama, sisi tuliomhamisha kwa mtamba tutasema nini?

Hata nchi zenye mali nyingi zimejifunza jambo hili kwa machozi. Nchini Uingereza, mwaka 2001, mtu mmoja, Ian Huntley, aliandikwa kazi ya kutunza majengo ya shule katika mji mdogo wa Soham. Alikotoka, sehemu za Humberside, polisi walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa juu yake kuhusu wasichana. Hakuhukumiwa kwa malalamiko hayo, na habari zake hazikuwafikia waliomwajiri Soham. Mwezi wa Agosti 2002 aliwaua wasichana wawili wenye umri wa miaka 10. Serikali ya huko ilimwagiza Sir Michael Bichard achunguze, na taarifa yake ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi habari zilivyopotea njiani kati ya ofisi na ofisi. Mwaka 2006 wakapitisha sheria mpya juu ya kuwachunguza watu wanaofanya kazi na watoto. Huko palikuwa na polisi, mashine na mafaili. Lililokosekana ni mtu wa kupeleka habari kutoka mahali ilipojulikana hadi mahali ilipohitajika. Lililokosekana kwetu ni hilohilo.

HAKI YA MWALIMU

Bwana Mwenyekiti, nisingependa mtu atoke hapa akidhani kwamba nimekuja kuwashtaki walimu. Wengi wao ni watu waadilifu. Walitufundisha sisi, na wengine wameketi katika mkutano huu. Tena twajua kwamba mwalimu mkali aweza kusingiziwa. Twajua kwamba ugomvi wa mpaka wa shamba waweza kuvaa nguo nyingine ukaingia shuleni. Katiba, kifungu cha 50, yampa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa haki, na kumhesabu hana hatia mpaka itakapothibitishwa. Chama hiki hakiwezi kuwa polisi, wala hakimu.

Lakini fikirini. Dawa ya uovu na dawa ya uzushi ni moja. Kikao cha siri humwokoa mwenye hatia, na papo hapo humnyima asiye na hatia njia ya kujisafisha. Mwalimu aliyesingiziwa, akaondolewa usiku kwa mapatano ya wazee, ataishi na mnong'ono mpaka kaburini. Mwalimu aliyefikishwa mbele ya wenye mamlaka, akasikilizwa, akaonekana hana kosa, atarudi darasani kichwa juu, na karatasi mkononi.

Najua pia hoja iliyotawala katika kikao kile, nayo si hoja ya watu wabaya. Wazee walimhurumia msichana. Walisema: akipelekwa kortini jina lake litatangazwa, na nani atamwoa? Nimetafuta jibu, nalo ni hili. Wasichana wale wa Nakuru hawajulikani kwa majina yao. Katika maandishi ya mahakama wameandikwa kwa herufi tu, W.J. na L.N. Watu wa Kenya nzima walisoma hukumu yao, na majina yao hayakutajwa. Katika kikao chetu, tuliokusudia kuficha jina, kijiji kizima kilijua kabla mtamba hajafika nyumbani kwao.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Sisi tuliyaficha yetu, na kifo kilikwenda kubisha mlango wa mtu mwingine.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo naweka mbele ya mkutano mapendekezo sita, ili yajadiliwe na, yakikubaliwa, yaandikwe katika kumbukumbu za chama.

Kwanza, fedha za chama zisimlipe mwalimu yeyote asiyekuwa na namba ya Tume. Namba hiyo isiaminiwe kwa kutajwa tu. Ithibitishwe katika ofisi ya Tume, na karani aandike tarehe na jibu alilopewa. Majina ya walimu waliofutwa nayo yaangaliwe siku hiyohiyo.

Pili, kabla ya kumkubali mwalimu, watu wawili wa halmashauri waulize katika shule aliyotoka mwisho. Wasiridhike na barua aliyokuja nayo mkononi. Waulize wenyewe: alifika lini, aliondoka lini, na kwa nini aliondoka. Majibu yaandikwe. Kama jibu ni kimya, na kimya hicho kiandikwe.

Tatu, chama hiki na shule tunazozisaidia zisitoe tena barua ya sifa inayoficha sababu ya mtu kuondoka. Barua na iseme tarehe, kazi na sababu. Ikiwa jambo lake liko kwa polisi au kwa Tume, barua iseme kwamba liko huko, bila kuongeza wala kupunguza.

Nne, mwanachama yeyote akisikia kwamba mwanafunzi ameharibiwa, asilete habari hiyo kwa wazee ili wapatanishe. Aipeleke siku hiyohiyo kwa polisi, kwa ofisa wa watoto na kwa ofisi ya Tume. Asiye na njia apige simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto. Kazi ya wazee iwe kusimama na jamaa za mtoto na kuwasindikiza, si kupima bei ya mtamba. Nasema haya kwa heshima. Upatanishi wa wazee umeokoa mengi katika nchi yetu: mipaka, madeni, ugomvi wa ndugu. Lakini jambo hili halina pande mbili za kupatanishwa. Lina mtoto, na Katiba, kifungu cha 53, yasema maslahi ya mtoto yatangulie.

Tano, tusiwawekee vijana wetu masharti bila kuwapa msaada. Wapo watoto wetu waliohitimu ualimu wanaofundisha bila namba kwa sababu ya umaskini tu, si kwa sababu ya kuficha kitu. Naomba sehemu ndogo ya hazina yetu itengwe iwe mkopo usio na riba, wa kulipia cheti cha tabia njema na ada ya kusajiliwa, urudishwe kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Hivyo sharti letu halitamfukuza maskini mwema.

Sita, pawe na daftari moja la walimu wote tunaowalipa, lenye namba zao na majibu ya maulizo. Daftari hilo likae katika sanduku la chama, na funguo zake ziwe mbili, moja kwa Mwenyekiti na moja kwa Mweka Hazina, ili karani asiweze kulifungua wala kulibadili peke yake. Sababu ya ombi hili mmeisikia.

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu, nimefika mwisho. Nimesema mbele yenu jambo ambalo lingeweza kubaki kwangu. Kama mkutano waona kwamba mtu aliyeandika barua ile hafai kuendelea kushika kalamu ya chama, nitaiweka chini bila kinyongo, nami nitabaki mwanachama. Mkiona niendelee, naomba kazi yangu ya kwanza katika mwaka mpya iwe kuanza daftari hilo.

Watoto hawajui kusoma cheti cha mwalimu. Asubuhi huinuka tu wakasema, “Hujambo, mwalimu,” kwa sababu sisi tumewaambia kwamba aliyesimama mbele yao ni mwalimu. Neno hilo tumelitia sahihi sisi.



(Baada ya hotuba hii mapendekezo yalijadiliwa moja moja. La nne lilizungumzwa kwa muda mrefu, na wazee kadhaa walitoa maoni ya kulipinga na ya kuliunga mkono. Mwishowe yote sita yalikubaliwa. Mkutano ulimtaka karani aendelee na kazi yake.)